Nauli Iliyosahau Sifuri: Ni Riziki au Ni Mali ya Mtu?



Ndugu zangu wanachuo, katika toleo hili napenda tulijadili swali ambalo wengi wetu tumelisikia likibishaniwa bwenini na hata nje ya msikiti baada ya Isha. Ukiona tiketi ya ndege inauzwa kwa bei ambayo akili inaikataa, je, ni halali kuinunua? Najua wapo watakaocheka. Watasema, mwanafunzi ambaye nauli ya basi kutoka Kampala hadi Mbale inamtoa jasho, ndege inamhusu nini? Lakini swali hili halihusu ndege peke yake. Ni ndugu wa lile la muuza duka aliyekurudishia chenji kubwa kuliko noti uliyotoa, na lile la pesa za simu zilizoingia kwenye namba yako kwa sababu mtu alikosea tarakimu moja. Ndege imelifanya swali kuwa kubwa tu, kwa sababu kiasi ni kikubwa na mwenye mali haonekani.

Mwaka jana, katika kundi letu la WhatsApp, ndugu mmoja alituma picha ya nauli ya kwenda Jeddah na kurudi, daraja la biashara, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya nauli ya kawaida ya viti vya nyuma. Ndani ya saa moja kundi liligawanyika. Kuna walioandika, "Hii ni riziki, Allah amewaita wageni Wake." Kuna waliosema, "Hii ni makosa ya kompyuta, na Umra haianzi kwa mali ya mtu." Dada mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyemjibu: "Tumejuaje kuwa ni makosa? Si ndege huuza rahisi kila siku?" Siku tatu baadaye shirika lilifuta tiketi hizo na kuahidi kurudisha fedha, na mjadala ukafa bila hitimisho. Mimi naona dada yule ndiye aliyeanza mahali sahihi. Kabla ya kuuliza halali na haramu, inafaa tujue kwa nini nauli hushuka.

KWA NINI NAULI HUSHUKA

Nenda Gaba jioni, mitumbwi ikiwa imeshamaliza kushusha samaki. Ngege aliyeuzwa kwa bei kali asubuhi, jua likizama anauzwa kwa bei ya kubembelezana. Muuzaji hajawa mkarimu ghafla. Anajua kuwa samaki asiyeuzwa leo kesho ana thamani ndogo. Hata hivyo, mwenye samaki ana njia: anaweza kumkausha au kumbanika. Mwenye kiti cha ndege hana njia hiyo. Mlango wa ndege ukishafungwa, kiti kilicho tupu kimekufa. Hakikaushwi, hakiwekwi kwenye barafu, hakiuzwi kesho. Na wakati huohuo mafuta, mishahara ya marubani na ada za uwanja zimeshalipwa karibu kwa kiasi kilekile, ndege iwe imejaa au iwe nusu tupu. Abiria mmoja zaidi huongeza gharama ndogo mno. Kwa hiyo shilingi yoyote inayozidi gharama hiyo ndogo ni afadhali kuliko kiti kitupu.

Elimu ya kuuza viti kwa hesabu hii ilikomaa Marekani. Huko, kwa miaka mingi, bodi ya serikali ndiyo iliyopanga nauli za safari za ndani baina ya majimbo. Mwaka 1977 shirika la American Airlines lilianzisha nauli zilizoitwa Super Saver, kwa punguzo kubwa kwa mtu anayenunua mapema na kukubali masharti ya muda wa kukaa huko aendako. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuondoa udhibiti wa nauli, na mashindano yakawa huru. Kisha likaja People Express, lililoanza kuruka 1981 kwa nauli za chini mno. Januari 1985 American Airlines, chini ya uongozi wa Robert Crandall, likajibu kwa nauli za Ultimate Super Saver zilizofanana na za mpinzani wake. Siri ilikuwa kwamba halikushusha bei ya viti vyote. Kwa msaada wa kompyuta, lilitenga idadi fulani ya viti kwa wanunuzi wa bei ya chini na kuvihifadhi vingine kwa wafanyabiashara wanaonunua dakika za mwisho kwa bei kubwa. People Express halikuwa na kompyuta za namna hiyo. Kufikia mwanzoni mwa 1987 lilikuwa limeshamezwa na shirika jingine.

Tangu hapo ndivyo ulimwengu wote unavyouza viti. Ndege moja ina madaraja mengi ya bei ambayo macho hayayaoni. Kila moja lina herufi yake, na kila herufi ina idadi yake ya viti. Herufi ya bei ya chini ikiisha, mfumo unahamia ya juu yake. Ndiyo maana unaweza kuitazama nauli asubuhi, ukaenda darasani, ukarudi ukaikuta imepanda, ingawa hakuna aliyekufanyia njama.

Zipo sababu nyingine za bei kushuka. Shirika linalofungua njia mpya hushusha nauli ili watu walijue. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Fastjet lilivyoanza Novemba 2012 kwa kutangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 za huko kabla ya kodi, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Shirika lenye kituo kikuu katikati, kama Addis Ababa, Doha au Dubai, huweza kumuuzia mtu wa Entebbe safari ndefu yenye kuunganisha kwa bei ndogo kuliko safari fupi ya kuishia pale katikati, kwa sababu katika safari ile ndefu linashindana na mashirika mengi zaidi. Bei haifuati kilomita. Inafuata ushindani, msimu, na makisio ya nani yuko tayari kulipa kiasi gani.

Basi jibu la kwanza kwa dada yetu ni hili: mara nyingi nauli rahisi si makosa hata kidogo. Muuzaji ameipanga akiwa na akili zake timamu na hesabu zake mkononi. Kuinunua hakuna shaka yoyote, na anayesita kuinunua kwa kujiona mchamungu anajisumbua bure.

JE, NI DHULMA JIRANI YAKO AKILIPA ZAIDI?

Hapa kuna ndugu wataruka: inawezekanaje watu wawili wakae viti vya kugusana viwiko, wale chakula kilekile, mmoja amelipa mara tatu ya mwenzake, na hilo lisiwe dhulma?

Uislamu haukuweka bei moja kwa kila bidhaa. Bei zilipopanda Madina, Maswahaba walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie, naye akakataa kwa kuogopa kukutana na Mola wake akiwa amemdhulumu mtu katika damu au mali. Maulamaa wamelijadili tukio hilo kwa upana, na wapo walioruhusu mtawala kupanga bei pale wauzaji wanapohodhi. Lakini msingi unabaki kuwa bei ni makubaliano ya wenye kuridhiana, bila ya kuficha aibu ya bidhaa wala kudanganya. Aliyenunua mapema alikubali masharti magumu: habadilishi tarehe na harudishiwi fedha. Aliyenunua jana alinunua pia uhuru wa kuamua jana. Kwa kiasi hicho hawakununua kitu kimoja.

Hata hivyo siko tayari kuufunga mlango huu haraka. Ni nani hununua tiketi jana ya safari ya leo? Ni mfanyabiashara, ndiyo, na kampuni yake inamlipia. Lakini pia ni kijana aliyepigiwa simu usiku kuwa mama yake amefariki, na maiti ya Muislamu haicheleweshwi. Mfumo hauwezi kuwatofautisha hawa wawili. Unaona tu mtu mwenye haraka, na haraka inauzwa ghali. Wanafiqhi wana mlango maalumu juu ya biashara na mtu aliyebanwa na dharura, na wengi wameichukia biashara ya kumkamua mtu wa namna hiyo. Ukitaka kutafuta dhulma katika nauli za ndege, itafute hapo, usiitafute kwa yule aliyepata punguzo. Baadhi ya mashirika, kama Air Canada, huweka nauli maalumu kwa waliofiwa. Ningefurahi kuona mashirika ya kwetu yakifanya hivyo kwa uwazi, na ningefurahi zaidi kusikia jumuiya zetu za wanafunzi zikiwaandikia kuomba hilo.

BEI YA MAKOSA

Sasa tuje kwenye lile lililotugawa. Mbali na bei zilizopangwa, kuna bei zilizoteleza. Kuna karani aliyesahau sifuri. Kuna tozo ya mafuta ambayo haikuingizwa kwenye mfumo. Kuna sarafu iliyobadilishwa kwa kiwango kisichokuwepo duniani. Nitaje matatu yanayojulikana.

Februari 2015, tovuti ya United Airlines ilikosea kubadilisha sarafu ya Denmark, na tiketi za daraja la kwanza kutoka London kwenda Marekani zikaonekana kwa bei ya chini ya dola 100. Maelfu walinunua. Lakini ili kuipata bei hiyo ilibidi mnunuzi achague Denmark kuwa nchi anayolipia, na wengi hawakuwa na uhusiano wowote na Denmark. Shirika lilifuta tiketi, na wizara ya usafirishaji ya Marekani haikulilazimisha kuziheshimu.

Siku ya mwaka mpya 2019, Cathay Pacific la Hong Kong liliuza safari za daraja la biashara kutoka Vietnam hadi New York na kurudi kwa chini ya dola 1,000, wakati bei yake ya kawaida ni maelfu mengi. Shirika likatangaza kuwa litawapokea wote walionunua.

Agosti 2024, Qantas la Australia liliuza viti vya daraja la kwanza kwenda Marekani kwa punguzo la takriban asilimia 85. Watu wapatao 300 waliwahi. Shirika likawapa njia ya katikati: wakae daraja la biashara bila kuongeza kitu, au warudishiwe fedha zao.

Makosa ni ya aina moja, majibu ni matatu. Mmoja amefuta, mmoja amesamehe, mmoja amesuluhisha. Hiyo inatuonyesha kuwa hata kwa wasioshika sheria yetu jambo hili si jepesi.

KIOO NA JOHARI

Wanaosema "nunua" wana hoja, na ni haki kuzisikiliza. Hoja yao yenye nguvu ni hii. Sisi wengi hapa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i. Imam Nawawi ametaja kuwa mtu akinunua kipande cha kioo akidhani ni johari, hana khiyari ya kurudisha. Amepunjika, lakini ni yeye aliyezembea kuchunguza. Basi, wanasema, ikiwa mnunuzi aliyezembea anabeba mzigo wake, kwa nini muuzaji aliyezembea asibebe wake? Shirika lina wanasheria, wahasibu na kompyuta. Mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka. Nani kati yetu alipaswa kuwa makini?

Hoja hii ni nzuri, lakini nadhani inakosa mambo mawili.

La kwanza, aliyenunua kioo alikusudia kutoa bei aliyoitoa. Alikosea kukadiria thamani, hakukosea kutamka. Aliyetaka kuandika 4,000 kidole kikaandika 400, hakukusudia 400 hata kwa dakika moja. Maulamaa wanatofautisha baina ya mwenye kukusudia tamko na yule ambaye ulimi wake umeteleza. Qur'ani katika Suratun Nisaa imeiweka biashara halali juu ya msingi wa kuridhiana, na mtu haridhii jambo ambalo hakujua kuwa amelisema.

La pili, kauli ya Nawawi inajibu swali la kadhi: je, nimlazimishe muuzaji apokee kioo chake? Haijibu swali la moyo: je, ilikuwa vizuri kwa muuzaji kunyamaza huku akiona macho ya mnunuzi yanang'aa kwa johari isiyokuwepo? Kuna mambo ambayo kadhi hawezi kuyafuta nawe bado utaulizwa juu yake.

Tena, sheria yetu haikulipuuza tatizo la upande mmoja kujua na mwingine kutojua. Mtume (s.a.w.) alikataza kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni, kwa sababu wenye bidhaa bado hawajaijua bei ya mji, na akampa muuzaji haki ya kubadili mawazo atakapofika sokoni. Tazama ni nani anayelindwa hapo. Ni muuzaji. Mjanja anayekatazwa ni mnunuzi, yule anayewahi kabla mwenye mali hajafumbuka macho. Nani asiyemtambua mtu huyu katika wale wanaokesha wakiwinda nauli zilizokosewa, ili wanunue kabla ofisi haijafunguliwa?

SIMU AMBAYO HATUTAKI KUIPIGA

Wawindaji wa nauli hizi duniani wana kanuni moja wanayofundishana: usipige simu kwa shirika. Nunua, nyamaza, subiri. Ukipiga simu utawaamsha.

Kwangu mimi kanuni hiyo inatosha kutofautisha nauli rahisi na nauli ya makosa. Aliyenunua punguzo la kweli hana tatizo kupiga simu. Atauliza, "Nimeona nauli hii kwenye tovuti yenu, ni sahihi?" Wakimjibu "ndiyo", amenunua akiwa na raha. Anayeogopa kuuliza amekwishajua jibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuitambua dhambi kwa alama mbili: inakwaruza kifuani, na hupendi watu waijue. Hapa zimekutana zote mbili, na aliye mbele ya foleni ya watu usiowataka wajue ni mwenye mali mwenyewe.

Jarir bin Abdillah (r.a.) alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu. Imepokewa kuwa mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ana thamani zaidi ya hiyo, akawa anapandisha bei mpaka akamlipa 800. Mwuzaji alikuwa ameridhika na 300, na hakukuwa na kosa la kuandika wala sifuri iliyopotea. Na Imam Ghazali ametusimulia katika Ihya juu ya Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa nguo. Mpwa wake alimuuzia bedui vazi la 200 kwa 400. Yunus alipokutana na bedui njiani na kulitambua vazi, alimrudisha dukani akampa 200 zake, ingawa yule mtu alisema kuwa ameridhika na kwao vazi hilo lina bei kubwa zaidi. Mmoja mnunuzi, mmoja muuzaji. Wote wawili walivuka mpaka wa kile ambacho kadhi angewadai.

Sisemi kuwa kila mmoja wetu ni Jarir. Kupandisha bei ya farasi ni daraja ya ihsani, na ihsani hailazimishwi. Lakini umbali baina ya mtu anayeongeza 500 kwa hiari na mtu anayekesha akivizia kosa la mwenzake ni mkubwa kiasi kwamba inafaa tujiulize tumesimama wapi kati yao.

NANI ANABEBA HASARA?

Kuna atakayesema: Jarir alifanya biashara na mtu. Mimi nafanya na shirika, tena si la Waislamu.

Juu ya dini ya mwenye mali, Sira imetutosha. Usiku wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimwacha Ali (r.a.) Makka ili arudishe amana za watu, na wenye amana wengi walikuwa katika kaumu ileile iliyopanga kumuua. Kama amana ya adui inarudishwa, sioni mlango wa kuifanya mali ya shirika kuwa halali kwa sababu tu mkurugenzi wake haswali.

Juu ya kuwa "shirika si mtu", tuwe wakweli juu ya njia ya fedha. Wakala wa usafiri hapa Kampala akikosea nauli katika tiketi aliyoikata, shirika humtumia hati ya madai kwa tofauti ile, naye analipa. Mara nyingi wakala huyo ni ofisi ya chumba kimoja yenye vijana wawili waliomaliza chuo kama hiki chetu. Na Uganda Airlines, lililorudi angani Agosti 2019 baada ya lile la zamani kufungwa 2001, ni mali ya serikali, yaani mali ya umma. Hasara yake inazibwa kwa bajeti ileile inayopaswa kununua dawa za zahanati. Tunaposema "hakuna anayeumia", mara nyingi tunamaanisha "anayeumia simwoni".

NA WAO, JE?

Imebaki hoja moja, nami nakiri kuwa ndiyo inayonipa taabu zaidi. Inasema: mashirika haya hayana huruma. Ukikosea herufi moja ya jina lako, unaweza kutozwa. Ukibonyeza tarehe isiyo sahihi kwenye tiketi rahisi, fedha imekwenda. Kosa lako ni mali yao, na kosa lao wanataka liwe lako pia. Kwa nini uaminifu utembee upande mmoja?

Nakubaliana na malalamiko haya, lakini siyafuati mpaka mwisho wake. Dini yetu ina jambo linaloitwa iqala: mmoja akijuta baada ya biashara na kuomba ivunjwe, mwenzake akimkubalia ana ahadi ya kusamehewa mateleza yake Siku ya Kiyama. Iqala haikuwekwa kwa wanunuzi peke yao wala kwa wauzaji peke yao. Kwa hiyo shirika linaloomba kusamehewa sifuri yake linapaswa kuwa tayari kusamehe herufi ya abiria, na tukilidai hilo tunadai haki. Marekani wameliweka jambo hili katika kanuni: anayenunua tiketi siku 7 au zaidi kabla ya safari, shirika ama limshikie bei kwa saa 24 au limruhusu kughairi ndani ya muda huo bila adhabu. Anayeijua fiqhi ataona hapo harufu ya khiyari ya sharti. Na mwaka 2015 wizara yao ya usafirishaji ilieleza kuwa shirika linalothibitisha kuwa bei ilikuwa ya makosa linaweza kuifuta, ila limlipe abiria gharama za haki alizoingia kwa kuitegemea tiketi ile, kama hoteli isiyorudisha fedha. Kosa linasamehewa, lakini aliyekosea ndiye anayebeba madhara ya kosa lake. Naona hilo liko karibu sana na kanuni yetu kuwa madhara huondolewa.

Lakini ikiwa shirika halitanisamehe mimi, je, napata ruhusa ya kulivizia? Hapana. Mwenye duka akinipunja leo, siwi na haki ya kuchukua kesho chenji aliyoizidisha kwa bahati mbaya na kujiita hakimu. Tukifungua mlango huo, kila mtu atakuwa na mtu wa kumlipizia, na soko lote litakuwa la watu wanaoviziana.

TUFANYE NINI?

Kwa ufupi, haya ndiyo ninayoyaona, nami ni mwanafunzi kama nyinyi, si mufti. Mwenye tatizo halisi amwendee sheikh wa msikiti wake.

Kwanza, nauli ikiwa rahisi, usikimbilie kudhani ni makosa. Nauli za msimu mtulivu, za njia mpya na za kuunganisha hushuka sana, na ni halali yako. Soma masharti, angalia kama kodi na mzigo vimo, kisha nunua.

Pili, ukinunua bila kujua kuwa bei imekosewa, huna dhambi. Shirika likikuheshimia tiketi, hiyo ni zawadi yao, safiri na uwaombee dua. Likiifuta na kukurudishia fedha yako yote, ipokee bila matusi mtandaoni. Kama umeingia gharama kwa sababu yao, zidai kwa adabu na kwa risiti.

Tatu, ukiwa na dhana yenye nguvu kuwa bei imeteleza, uliza kabla ya kulipa, kwa simu au kwa ujumbe. Wakikwambia ni sahihi, umepata safari na umepata utulivu. Wakikwambia ni makosa, umemwokoa karani asiyekujua.

Nne, usiseme uongo kuipata bei. Kuchagua nchi usiyoishi au kudai hadhi usiyokuwa nayo si ujanja wa kompyuta. Ni uongo uleule ambao ungeona haya kuutamka dirishani mbele ya mtu.

Na kwa wale wenye nia ya Umra, ambao mjadala ule uliwagusa zaidi: nia yenu ni njema na naiombea kabuli. Mtu huondoka nyumbani kwake akatamka talbiya, akiitikia wito wa Mola wake. Mimi ningependa nitamke maneno hayo nikiwa nimelipa nauli ambayo aliyeniuzia anajua kuwa ameniuzia. Ikichukua miaka miwili zaidi kuikusanya, Al-Kaaba ipo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.